Vyeti mezani: jinsi sifa za mwombaji kazi zinavyothibitishwa Jinja na Mbale

Mwombaji kazi mashariki mwa Uganda mara nyingi huulizwa karatasi zake kabla ya kuulizwa anachoweza kufanya. Makala haya yanaeleza ni nani hutoa karatasi hizo, mwajiri huzichunguza vipi, na la kufanya pale ambapo jina, cheti au ufundi wa mtu haulingani na kilichoandikwa.

Katika mitaa ya Walukuba na Masese mjini Jinja, au Namatala mjini Mbale, bahasha ya kaki hutunzwa kwa uangalifu kuliko nguo za sikukuu. Ndani yake hukaa cheti cha kidato cha nne, cheti cha ufundi kama kipo, nakala ya kitambulisho cha taifa, na barua ya mwenyekiti wa LC1 inayomtambulisha mwenye bahasha kwa yeyote atakayeisoma. Mvua ikivuja usiku, bahasha hiyo ndiyo huhamishwa kwanza.

Miji hii miwili ina sababu zake za kuwa na waombaji kazi wengi. Jinja ilikua na viwanda baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo leo huitwa Nalubaale, kufunguliwa mwaka 1954. Kiwanda cha nguo cha NYTIL kilianzishwa katika miaka hiyohiyo, na karibu na mji kuna mashamba na kiwanda cha sukari cha Kakira. Mbale ilijulikana kwa kahawa ya Mlima Elgon, hospitali na shule. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa huko mwaka 1988, na tangu 2018 kuna eneo la viwanda linaloendeshwa na wawekezaji wa Kichina. Miji yote miwili ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Kazi za mashine, ghala, ulinzi, jikoni na ofisini hutangazwa kila wiki, na karibu kila tangazo humalizika kwa sharti la kuleta nakala za vyeti.

Nani hutoa, nani huthibitisha

Vyeti vya shule nchini Uganda hutolewa na Baraza la Taifa la Mitihani, UNEB. Baraza hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983, na sheria yake ikaandikwa upya mwaka 2021. Kabla yake kulikuwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1967 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania, na kabla ya hapo mitihani ilitoka Cambridge. Kwa hiyo mzee aliyemaliza shule miaka ya 1960 na kijana aliyemaliza juzi wana vyeti visivyofanana hata kwa sura, na karani wa ajira ambaye hajawahi kuona cheti cha zamani huweza kukitilia shaka bila sababu.

Cheti hakiendi moja kwa moja mkononi mwa mtahiniwa. Baraza hukipeleka katika shule iliyokuwa kituo cha mtihani, na mwenyewe hukichukua huko. Wengi husahau jambo hili na kuanza kazi wakiwa na karatasi ya matokeo tu. Wengine wanajua cheti chao kiko wapi, lakini wanakwepa lango la shule kwa sababu ya karo waliyobaki wakidaiwa. Miaka kumi baadaye, mwajiri anapotaka cheti chenyewe, deni na mkuu wa shule aliyekwisha kuhama huwa ni sehemu ya tatizo.

Mwajiri mwenye shaka hana haja ya kubahatisha kwa kutazama mhuri. Hupeleka nakala UNEB, hulipa ada, na Baraza hulinganisha jina, namba ya mtahiniwa, mwaka na alama na kumbukumbu zake. Namba ya mtahiniwa ndiyo ufunguo, kwa sababu ndani yake kuna namba ya shule na namba ya mwanafunzi. Anayeghushi cheti kwa kawaida huhangaikia alama na kusahau kwamba namba hiyo tayari ina mtu wake katika daftari.

Shahada na stashahada ziko chini ya mamlaka nyingine. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, liliundwa chini ya sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, nalo huidhinisha vyuo na kozi zao. Chuo chenyewe huthibitisha kwamba mtu fulani alihitimu. Baraza hueleza kama chuo hicho na kozi hiyo vilikuwa na kibali. Ni maswali mawili tofauti, na mwombaji aliyelipa karo miaka mitatu katika kozi isiyoidhinishwa hugundua tofauti hiyo akiwa amechelewa. Kwa wauguzi na wakunga kuna swali la tatu, kwani cheti cha chuo hakitoshi bila kusajiliwa na Baraza la Wauguzi na Wakunga na kuwa na leseni inayotumika. Fundi umeme anayefunga nyaya majumbani huhitaji kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, hata kama amehitimu chuo.

Mabadiliko ya karibuni yamezidisha mkanganyiko. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa UCE mwaka 2024. Matokeo yao, yaliyotangazwa Februari 2025, yana herufi A hadi E na hayana madaraja ya jumla yaliyozoeleka. Waajiri ambao bado wanaandika katika matangazo yao kwamba wanataka daraja la kwanza au la pili watakuwa wanadai kitu ambacho cheti kipya hakina. Kosa hapo ni la tangazo. Mwombaji anaweza kuambatanisha maelezo mafupi kuhusu mfumo mpya, lakini si haki kwamba kazi hiyo imeachiwa kijana wa miaka kumi na minane.

Ufundi uliojifunzwa bila darasa

Sehemu kubwa ya mafundi wa Jinja na Mbale hawakupita chuoni. Mchomeleaji alijifunza kwa fundi mkubwa, akianza kwa kushika vyuma na kufagia karakana. Fundi cherehani alifundishwa na shangazi. Makanika alikulia chini ya magari. Kiwandani hukutana na karani anayetaka cheti, naye anajua kazi hiyo kuliko aliyepata cheti mwezi uliopita.

Uganda ilijenga njia ya watu hawa chini ya sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, ilianza kuwapima watu kwa vitendo bila kujali walijifunzia wapi. Fundi huletwa mbele ya mtahini, hupewa kazi, na hutazamwa anapoifanya. Anayefaulu sehemu moja ya ufundi hupata cheti cha sehemu hiyo, na kwa wale waliojifunza kazini kulikuwa na hati maalumu iliyoitwa Workers' PAS, inayoorodhesha kazi ambazo mwenye hati ameonyesha kwamba anaziweza. Mtu asiyejua Kiingereza vizuri hakuzuiwa, kwa kuwa kinachopimwa ni mkono.

Sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025 imeunganisha vyombo vya upimaji. Kazi ya DIT ya kupima na ile ya bodi ya mitihani ya biashara na ufundi, UBTEB, sasa ziko chini ya bodi moja inayojulikana kwa kifupi kama UVTAB, na bodi za mitihani ya afya nazo zimeunganishwa kuwa UHPAB. Mwenye cheti cha UBTEB au DIT hana sababu ya kuambiwa kwamba cheti chake kimekufa pamoja na chombo kilichokitoa. Kilitolewa kihalali wakati huo, na kumbukumbu zimerithiwa na bodi mpya.

Swali ambalo mafundi huuliza ni kama inafaa kulipia upimaji wakati kazi za mtaani hazidai karatasi. Kwa anayebaki katika karakana yake, pengine haitaleta tofauti kubwa. Kwa anayetaka kuingia kiwandani, kupata zabuni ya kutengeneza madawati ya shule, au kwenda kufanya kazi ughaibuni, karatasi hiyo ndiyo humtenga na kundi la watu mia moja wanaosema pia kwamba wanajua kuchomelea.

Jina moja, tahajia tatu

Tatizo linalowakwamisha wengi zaidi si kughushi wala kukosa cheti. Ni majina. Uandikishaji mkubwa wa vitambulisho vya taifa ulifanyika mwaka 2014, na maofisa waliandika majina kama walivyoyasikia, katika foleni ndefu, kwa watu wa lugha nyingi. Waislamu wa Jinja na Mbale wanaufahamu vizuri usumbufu huu. Aliyeandikwa Uthman shuleni huwa Asuman kwenye kitambulisho. Khadija huwa Kadija, Swaleh huwa Saleh, na Muhammad ana sura nyingi kiasi kwamba ndugu watatu wa baba mmoja huweza kuwa na tahajia tatu. Ongeza hapo watoto walioandikishwa shule kwa jina la mjomba aliyewalipia karo, wanawake waliochukua jina la mume, na waliobadili dini wakabadili jina, nawe utaona kwa nini meza ya ajira hujaa maelezo.

Marekebisho hutegemea kosa liko wapi. Kama cheti ni sahihi na kitambulisho ndicho kilichokosewa, ombi hupelekwa ofisi ya NIRA ya wilaya, pamoja na nyaraka za zamani zinazoonyesha jina halisi. Cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, au hati za shule ya msingi, husaidia sana. Kama kosa liko kwenye cheti cha mtihani, mambo ni magumu zaidi. UNEB huchapisha majina kama shule ilivyoyawasilisha wakati wa kusajili watahiniwa, kwa hiyo wakati mzuri wa kulisahihisha ni kabla ya mtihani, pale orodha inapobandikwa ukutani na mwanafunzi kuombwa ahakiki jina lake. Wazazi wanaofika shuleni kulipa karo tu wangefanya vyema kuitazama orodha hiyo.

Aliyebadili jina akiwa mtu mzima ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015. Hutangaza mabadiliko hayo katika Gazeti Rasmi la Serikali, husubiri siku saba, kisha huomba NIRA irekebishe daftari. Hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, hukubaliwa na waajiri wengi kwa tofauti ndogo za tahajia. Hati hiyo haibadilishi cheti wala kitambulisho. Ni maelezo tu yaliyotiwa nguvu na kiapo, na anayeapa uongo ametenda kosa.

Aliyepoteza cheti huanzia polisi kwa kuripoti, kisha huenda UNEB na ripoti hiyo pamoja na namba yake ya mtahiniwa. Hati rasmi ya matokeo inayotoka kwa Baraza ndiyo inayobeba uzito mbele ya mwajiri. Nakala iliyopigwa chapa ya rangi mtaani haina uzito wowote, hata kama alama zilizomo ni za kweli, na humfanya mtu mkweli aonekane mwongo.

Cheti cha kuazima

Kuna jambo ambalo familia nyingi hulitazama kama msaada wa ndugu. Kaka amemaliza kidato cha nne na amekwenda zake, mdogo wake aliishia njiani, na cheti kiko sandukuni bila kazi. Mdogo anakichukua na kuajiriwa kwa jina la kaka. Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda inalitaja jambo hili waziwazi. Anayejifanya kuwa mtu aliyetajwa katika cheti ana hatia, na aliyekitoa kitumike hivyo ana hatia pia.

Hata asipokamatwa, hasara humfuata. Makato ya NSSF, asilimia 5 kutoka kwenye mshahara na asilimia 10 kutoka kwa mwajiri, huingia katika akaunti ya jina lililoandikishwa. Baada ya miaka 20 ya kazi, akiba ni ya kaka. Akiumia kwenye mashine, majeruhi ni kaka. Akifariki, mjane hana karatasi inayomuunganisha na mtu aliyekuwa akifanya kazi pale.

Mahakama za Uganda zimelizungumzia suala la nani ana wajibu wa kuthibitisha cheti kinapotiliwa shaka, hasa katika kesi za uchaguzi, kwa kuwa Katiba inamtaka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Katika rufaa namba 9 ya mwaka 2007, kati ya Abdul Nakendo na Patrick Mwondha, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba anayewasilisha cheti ili kuteuliwa ndiye mwenye jukumu la kuonyesha kuwa ni halali. Kesi hiyo ilihusu ubunge, lakini mantiki yake inaeleweka kirahisi mbele ya meza ya ajira, kwani mwenye cheti ndiye anayejua kilikotoka.

Tanzania ilionyesha ukubwa ambao jambo hili linaweza kufikia. Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea Dodoma ripoti ya uhakiki iliyobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Walikuwemo walimu na wahudumu wa afya waliokuwa wamefanya kazi miaka mingi, na baadhi ya vyeti vilikuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ilichukua hadi 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, kwa serikali kuamua kwamba warejeshewe michango waliyokatwa ya mifuko ya hifadhi ya jamii. Nchini Kenya, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza Februari 2024 kwamba uhakiki wake ulikuta vyeti vya kughushi 2,067.

Mwajiri ana haki ya kuona nini

Kuomba uthibitisho ni halali, lakini kuna mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na sababu inayoeleweka, achukue zile tu zinazohitajika kwa sababu hiyo, na azitunze kwa usalama. Nakala ya kitambulisho cha taifa iliyoachwa juu ya meza ya mlinzi getini haijatunzwa.

Mwajiri anahitaji kukiona cheti halisi ili akilinganishe na nakala. Kukibakiza ni jambo tofauti. Kampuni inayotaka kushika vyeti halisi kama dhamana ili mfanyakazi asiondoke inamfunga mtu kwa karatasi, na mwombaji anayeombwa hivyo afadhali atoe nakala zilizothibitishwa na aombe sharti hilo liandikwe. Mara nyingi hakuna anayekubali kuliandika.

Uzoefu wa kazi una ushahidi wake pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya kuomba hati ya utumishi. Hati hiyo hutaja jina la mwajiri na la mfanyakazi, aina ya biashara, muda aliofanya kazi, cheo chake na ujira wake. Sababu ya kuondoka huandikwa tu iwapo mfanyakazi ameomba, na vivyo hivyo maoni kuhusu utendaji wake. Wazee wenye kumbukumbu ya kipande cha wakoloni nchini Kenya wataona umuhimu wa kipengele hiki. Kipande kilimfanya kila mwajiri aweze kujua mwajiri aliyetangulia alisema nini, na mfanyakazi alikibeba mwenyewe bila kuwa na kauli juu ya kilichomo. Hati ya utumishi ya leo ni ya mfanyakazi, ingawa wengi huondoka kazini bila kuiomba na kuikumbuka baada ya kiwanda kufungwa.

Kwa nafasi za serikali, tume za utumishi za wilaya na majiji hutumia fomu namba 3 ya utumishi wa umma, inayoambatanishwa na nakala za vyeti na barua za ajira za awali. Fomu isiyo kamili huwekwa kando bila mwombaji kuitwa.

Vyeti vilivyovuka mpaka

Mbale iko karibu na Kenya, na watu wa Bungoma, Busia na Malaba huvuka kutafuta kazi kama walivyofanya babu zao. Cheti cha KCSE cha Kenya hakilingani moja kwa moja na cheti cha kidato cha sita cha Uganda, kwa kuwa mfumo wa 8-4-4 haukuwa na kidato cha tano na cha sita. Cheti cha kidato cha sita cha Tanzania kinalingana zaidi kwa muundo. Mwenye stashahada ya serikali kutoka Kongo hutakiwa kwanza kuwa na tafsiri rasmi kutoka Kifaransa. Ulinganishaji wa vyeti vya shule hufanywa na UNEB, na wa vyuo hufanywa na NCHE. Waliosoma madrasa hadi idadi na thanawi nao wapeleke swali lao huko, kwani si kazi ya afisa ajira wa kiwanda kuamua elimu hiyo inalingana na nini.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambue sifa za kitaaluma za kila mmoja. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano yao ya kutambuana. Mpishi, dereva wa forklifti na mshonaji hawana.

Ofisi kuu za UNEB na NCHE ziko Kampala, upande wa Ntinda na Kyambogo. Kutoka Jinja ni safari ya kilomita 80 hivi. Kutoka Mbale ni zaidi ya 200, na anayelipwa kwa siku hupoteza ujira wa siku hiyo juu ya nauli na ada. Kwa sababu hiyo wengi husubiri hadi waitwe kwenye usaili ndipo waanze kushughulikia jina au cheti, wakati ambapo siku zilizobaki hazitoshi hata kwa tangazo la Gazeti Rasmi kutoka.